Duke Kahanamoku, Mtoto wa Waikiki Aliyeifundisha Dunia Kupanda Mawimbi



Katika toleo hili nimeomba nafasi nisimulie maisha ya mtu ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa bara letu, na aliyefariki mwaka 1968, kabla wazazi wa wengi wetu hawajazaliwa. Kazi iliyompa jina ni kuogelea na kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Najua baadhi yenu mtauliza tuna haja gani naye. Naomba subira kidogo, nieleze nilivyofika kwake.

Miaka mitatu iliyopita, Idi pili, tulishuka ufukweni vijana tisa kutoka Buyenzi. Mchana upepo ukaanza kuvuma, na wenyeji wa Bujumbura mnajua Tanganyika inavyobadilika saa hizo. Wawili kati yetu walikuwa wamesimama kwenye maji ya kifuani. Wimbi likawang'oa miguu, na lilipopita walikuwa mbali nasi. Sisi saba tuliobaki tulipiga kelele. Hilo tu ndilo tuliloliweza, maana hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuogelea, ingawa sote tumekulia karibu na ziwa. Kijana mmoja wa wavuvi, mdogo kuliko sisi, alikamata dumu tupu la lita 20, akajitupa nalo majini na kumleta mmoja wao. Aliporudi mara ya pili hakumkuta wa pili. Huyo wa pili alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, mwenye miaka 18. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baada ya matanga nilianza kutafuta katika maktaba chochote kilichoandikwa juu ya kuokoa watu majini. Ndipo nilipokutana na habari ya asubuhi moja ya Juni 1925, pwani ya California, ambapo mtu mmoja aliokoa watu 8 kwa ubao wa kuchezea mawimbi. Mtu huyo ni Duke Kahanamoku. Nitaifikia asubuhi hiyo. Kwanza tujue ule ubao ulitoka wapi, kwa sababu haukuanzia California.

Mchezo wenye wenyewe

Hawaii ni visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki. Watu wake wa asili ni Wapolinesia, mabaharia waliovuka maili maelfu kwa ngalawa, wakiongozwa na nyota, mawimbi na ndege. Popote Wapolinesia walipofika, watoto walicheza na mawimbi, lakini ni Hawaii mchezo huu ulipofikishwa kileleni, hadi mtu akasimama wima juu ya ubao na kuletwa pwani na wimbi. Kwa lugha yao unaitwa he'e nalu, yaani kuteleza na wimbi. Haki isemwe pia kwamba si wao peke yao duniani waliolijua wimbi. Wasafiri wa Ulaya katika karne ya 17 waliandika juu ya watoto wa pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, waliokuwa wakijifunza kuogelea kwa kulalia vipande vya mbao katika mawimbi.

Kwa Wahawaii haukuwa mchezo wa watoto peke yao. Waliteleza wanaume na wanawake, wazee kwa vijana, raia kwa watawala. Ubao wa watu wengi uliitwa alaia, mwembamba, mara nyingi wa mti mgumu wa koa. Machifu walikuwa na ubao wao mrefu na mzito ulioitwa olo, uliochongwa kwa mti mwepesi wa wiliwili. Fundi alichagua mti, akauangusha, akauchonga kwa shoka la jiwe, akausugua kwa matumbawe, akaupaka rangi nyeusi ya mimea na kuutia mafuta. Ukitumika ulianikwa, ukafungwa kwa kitambaa na kutunzwa ndani ya nyumba.

Nahodha James Cook wa Uingereza alifika visiwa hivyo mwaka 1778. Mwaka uliofuata afisa wake, James King, aliandika maelezo marefu ya Wahawaii wakiteleza mawimbini, akistaajabia namna walivyopita karibu na miamba bila kuumia. Lakini baada ya meli za kwanza zilikuja nyingine nyingi, na pamoja nazo maradhi ambayo watu wa visiwani hawakuwa na kinga nayo. Mwisho wa karne ya 19 Wahawaii walikuwa wamebaki kama 40,000 tu. Wamisionari wa Kikristo kutoka Marekani walifika mwaka 1820. Waliutazama mchezo huu kwa jicho baya kwa sababu ya watu kuoga uchi, kupoteza wakati na kuwekeana kamari.

Hapa nilijikuta nimetulia kidogo, ndugu zangu. Kamari na uchi hata sisi tunavikataa. Lakini kamari ilikuwa jambo moja na kujua bahari jambo jingine. Ulipodharauliwa mchezo mzima, ikapungua pia elimu ya maji ambayo babu alimrithisha mjukuu. Ongeza maradhi, na kazi za mashamba ya miwa zilizobadilisha maisha ya visiwani, na kufikia miaka ya 1890 waliokuwa wakiteleza walikuwa wachache, wengi wao katika pwani ya Waikiki, karibu na mji wa Honolulu.

Kuzaliwa na kukua

Katika mji huo wa Honolulu ndiko alikozaliwa Duke Paoa Kahanamoku, tarehe 24 Agosti 1890, wakati Hawaii ikiwa bado ni ufalme huru chini ya Mfalme Kalākaua. Duke ni cheo cha watukufu wa Ulaya, lakini kwake lilikuwa jina tu, kama sisi tunavyoweza kumwita mtoto Sultani. Alilirithi kwa baba yake, ambaye naye alipewa kwa ajili ya mwana wa Malkia wa Uingereza, Duke wa Edinburgh, aliyezuru visiwa hivyo mwaka 1869. Baba alikuwa askari polisi, mama alikuwa mtu wa dini sana, na nyumba ilijaa watoto, wavulana sita na wasichana watatu.

Duke alikuwa hajatimiza miaka mitatu pale wafanyabiashara na wenye mashamba wa asili ya Marekani na Ulaya walipompindua Malkia Lili'uokalani, Januari 1893. Mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani. Kwa hiyo alikua katika nchi ya wazazi wake ambayo haikuwa tena mikononi mwao. Kilichobaki karibu naye kilikuwa bahari. Mwenyewe alisimulia ukubwani kwamba baba na ami yake walimfundisha kuogelea kwa kumtupa majini kutoka kwenye ngalawa, kama ilivyokuwa desturi ya kale. Familia iliishi Waikiki, katika eneo la ukoo wa mama, na watoto walishinda ndani ya maji. Hakumaliza sekondari. Alifanya vibarua vya hapa na pale, akavua, akachonga mbao za kutelezea, akafundisha wageni wa pwani.

Wakati huo wageni wenye fedha walikuwa wameanza kuupenda mchezo. Mwaka 1908 ilianzishwa Waikiki klabu ya ngalawa na mawimbi, na wanachama wake karibu wote walikuwa weupe. Vijana wenyeji, Duke akiwa mmoja wao, walikuwa na kundi lao lililokutana chini ya mti wa pwani, nalo likawa klabu rasmi mwaka 1911 kwa jina la Hui Nalu, maana yake chama cha mawimbi. Ndugu zangu tunaojua taabu ya kuanzisha chama bila ofisi, bila kiti, bila mhuri, bila shaka tunalielewa kundi lile la chini ya mti.

Rekodi iliyokataliwa

Tarehe 11 Agosti 1911 yalifanyika mashindano ya kuogelea bandarini Honolulu. Duke aliogelea yadi 100 kwa sekunde 55.4, akaipita rekodi ya dunia kwa zaidi ya sekunde 4. Katika mbio fupi namna hiyo, sekunde 4 ni umbali wa ajabu. Wakubwa wa riadha huko Marekani bara walikataa kuamini. Walitilia shaka saa, wakatilia shaka vipimo, wakasema huenda mkondo wa maji ulimsaidia. Rekodi haikuandikwa.

Duke hakugombana nao. Watu wa Honolulu walichanga nauli, naye akavuka bahari kwenda kuogelea mbele ya macho ya waliomkanusha. Mwanzoni aliteseka. Alikuwa hajazoea baridi wala mabwawa yenye kuta za kugeukia, na katika shindano moja huko Pittsburgh mguu ulimkaza akashindwa. Akajifunza kugeuka, akazoea, akachaguliwa.

Julai 1912, katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, Uswidi, alishinda medali ya dhahabu ya mita 100 mtindo huru, na medali ya fedha katika mbio za kupokezana. Watazamaji waliona jinsi miguu yake ilivyopiga maji haraka na kwa kina, jambo ambalo waogeleaji wa Ulaya hawakulizoea. Mfalme Gustaf wa Tano ndiye aliyempongeza. Mtoto wa ufalme uliopinduliwa alikuwa amesimama mbele ya mfalme, akiwa amevaa rangi za taifa lililoitwaa nchi yake. Nimejaribu kufikiri alijisikiaje. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi sitamsemea.

Michezo ya 1916 haikufanyika kwa sababu ya Vita Kuu vya Kwanza. Mwaka 1920, huko Antwerp, Ubelgiji, alishinda tena fainali ya mita 100 siku aliyotimiza miaka 30. Mshindani kutoka Australia akalalamika kwamba alibanwa njiani, fainali ikarudiwa, na Duke akashinda mara ya pili. Medali zote tatu za mbio hizo zilikwenda kwa watu wa Hawaii. Alipata dhahabu pia katika mbio za kupokezana. Paris, mwaka 1924, akikaribia miaka 34, alikuwa wa pili nyuma ya kijana Johnny Weissmuller, na wa tatu alikuwa mdogo wake Duke mwenyewe, Samuel.

Ubao wa Freshwater

Medali zilimfungulia milango, naye kila alikokwenda alipeleka wimbi la kwao. Mwishoni mwa mwaka 1914 alialikwa Australia kwa mashindano ya kuogelea. Hakuwa na ubao, basi akanunua gogo la msonobari na kuchonga wa kwake. Katika ufukwe wa Freshwater, Sydney, watu walijaa kumtazama akitoka mbali baharini na kuja pwani amesimama. Januari 1915 alimpandisha ubaoni binti mmoja wa hapo mwenye miaka 15, Isabel Letham, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa waasisi wa mchezo huo nchini mwake. Wapo Waaustralia waliokuwa wamejaribu kabla yake, lakini ni baada ya Duke mchezo ulipoota mizizi. Alipoondoka aliuacha ule ubao, na hadi leo umehifadhiwa na klabu ya waokoaji wa pwani hiyo.

Kufundisha kwake hakukuwa kwa kuuza. Angeweza kusema huu ni wa kwetu, mlituona wajinga, sasa lipeni. Yeye alichonga ubao, akafundisha, akauacha.

Sifa bila mkate

Sasa nisimulie upande ambao picha zake hazionyeshi. Sheria za michezo za wakati ule zilimkataza mwanamichezo kupokea malipo yoyote. Mwenzake wa timu ya Stockholm, Jim Thorpe, Mmarekani wa asili, alinyang'anywa medali zake mwaka 1913 kwa sababu aliwahi kulipwa fedha kidogo za kucheza besiboli. Duke aliliona hilo, akajichunga kwa miaka mingi, naye hakuwa tajiri. Bingwa wa dunia alirudi nyumbani akitafuta kibarua. Katika miaka ya 1920 alikaa California akiigiza katika filamu, lakini kwa sura na rangi yake alipewa nafasi ndogo ndogo tu, leo chifu, kesho haramia. Zipo sehemu za kulia chakula zilizokataa kumhudumia. Aliporudi Honolulu alifanya kazi ya kutunza jengo la halmashauri ya mji, akauza petroli kituoni. Walikuwapo waliomcheka, kwamba aliyevishwa taji na mfalme sasa anawajazia wenye magari mafuta.

Asubuhi ya Juni 1925

Ilikuwa tarehe 14 Juni, Corona del Mar, kusini mwa Los Angeles. Duke na rafiki zake walikuwa wamepiga kambi ufukweni ili wateleze. Bahari ilikuwa mbaya. Boti ya kukodi iliyoitwa Thelma, iliyobeba watu waliokwenda kuvua samaki, ilijaribu kupita katika mlango wa bandari, mawimbi yakaipiga na kuipindua. Watu wakatawanyika majini na nguo zao nzito.

Duke hakuwa mwokoaji wa kuajiriwa, wala hakuna aliyemtuma. Aliukamata ubao wake mrefu, akaulalia, akapiga makasia kwa mikono dhidi ya mawimbi yale yale yaliyoipindua boti. Mwogeleaji mtupu, hata awe hodari vipi, akimfikia anayezama hukumbatiwa na kuzamishwa naye. Ubao huelea. Anayezama hupata cha kushika, na mwokozi hubaki na mikono yake. Duke aliwapandisha ubaoni, akawaleta pwani, akarudi, akawaleta, akarudi tena. Watu 12 waliokolewa siku ile, na 8 kati yao walikuwa mkononi mwake. Wengine walikufa maji. Baada ya tukio hilo ubao ulianza kuonekana kuwa chombo cha kazi, na waokoaji wa pwani za Marekani wakaufanya sehemu ya vifaa vyao.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nililiona dumu la lita 20. Yule kijana wa wavuvi alikuwa na wazo lile lile, kitu kinachoelea. Alichokosa ni mwenzake wa pili mwenye dumu la pili. Sisi saba tungeweza kuwa huyo mwenzake kama utotoni wazazi wetu wasingetukataza ziwa. Siwalaumu. Walituogopesha kwa kutupenda, na viboko na mamba wa Tanganyika si hadithi. Lakini woga wao haukutuepusha na maji. Siku ya Idi tulikwenda majini vile vile, mikono mitupu.

Mwisho wake

Mwaka 1934 watu wa Honolulu walimchagua Duke kuwa sherifu wa mji, nao wakaendelea kumrudisha katika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Alioa mwaka 1940, mkewe akiitwa Nadine Alexander, wala hawakujaaliwa mtoto. Baadaye akawa ndiye mtu wa kupokea wageni rasmi wa Hawaii. Waliomjua walimsifu kwa upole, kwa kusikiliza kuliko kusema, na kwa kumpokea kila mtu sawa. Alifariki kwa moyo tarehe 22 Januari 1968, huko huko Waikiki, akiwa na miaka 77. Kwa desturi yao majivu yake yalimwagwa baharini, mbele ya umati uliosimama pwani.

Mwaka 1990 alijengewa sanamu Waikiki, amenyoosha mikono kupokea wageni, ubao nyuma yake. Wateleza mawimbi walilalamika kwamba amewekwa akiipa bahari mgongo, jambo ambalo mtu wa bahari halifanyi. Mchezo aliotamani uingie Olimpiki uliingia katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, na mwanamke wa kwanza kushinda dhahabu yake ni Carissa Moore, mwenyeji wa Honolulu aliyejifunzia pale pale Waikiki. Mwaka 2024 mashindano ya mawimbi ya Olimpiki ya Paris yalifanyikia Teahupo'o, Tahiti, ndani ya nchi za Wapolinesia.

Ndugu zangu, mchezo uliodharauliwa uliishi kwa sababu watu wachache wa Waikiki hawakuuacha, na siku ya shida ukawarudisha watu 8 kwa familia zao. Nami nimeanza. Kila Jumapili asubuhi, kabla upepo haujaamka, nashuka ziwani sehemu ambayo wavuvi wametuhakikishia viboko hawapiti. Sasa naweza kwenda mita 50 na kurudi. Mwalimu wangu ni yule kijana wa dumu.

Ombi langu kwa viongozi wa jumuiya ni moja. Fungu la michezo mwaka huu lisiishie kwenye mpira na jezi. Tununue madumu na kamba, tumlipe kijana huyu kama mwalimu, na dada zetu wapangiwe muda na mahali pao pa staha, na mwalimu wa kike. Wanaotaka kuanza waandike majina kwa katibu wa michezo kabla ya Ijumaa ijayo. Mpaka naandika haya, tuko sita.

Wassalaam.